Athari na madhara: maneno ambayo mwenye kunywa dawa anayahitaji

Mnamo mwezi wa Desemba 2014, katika Ituri, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, vituo vya afya vilianza kupokea wagonjwa wa namna isiyozoeleka. Shingo zao zilikuwa zimepinda, ndimi zimekakamaa au zimetoka nje, macho yanatazama juu, misuli ya uso imekazwa hata mtu hawezi kusema. Waliowahudumia walidhani kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Baadhi yao walitolewa maji ya uti wa mgongo, yakapimwa, na ugonjwa huo haukuonekana. Hadi kufikia Agosti 2015, watu wapatao 1000 walikuwa wamekwisha kuandikwa. Sababu ilipopatikana, ilikuwa ndani ya kopo la dawa. Vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, havikuwa diazepamu bali haloperidoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa onyo juu ya vidonge hivyo mwezi wa Julai 2015.

Tukio hili hukumbukwa kama habari ya udanganyifu katika biashara, na ndivyo lilivyo. Lakini lina upande wa pili, nao ndio unaotufanya tuliandike jambo hili katika jarida la Kiswahili badala ya kuwaachia wenzetu wa kitivo cha uganga. Kupinda kwa shingo na kukakamaa kwa ulimi ni athari ya haloperidoli inayojulikana tangu zamani, na vitabu vya dawa huitaja. Dawa nyingine halali, kama vile metoklopramidi wanayopewa wenye kutapika, yaweza kuleta hali hiyo hiyo, hasa kwa watoto na vijana. Alama zilikuwa wazi. Kilichokawia ni swali. Mgonjwa huulizwa anaumwa wapi na tangu lini. Ni mara chache kuulizwa amemeza nini tangu juzi, na akiulizwa, mara nyingi hana maneno ya kujibu. Makala hii yakusudia kuyatazama maneno hayo: yale tuliyo nayo, yale yanayotupoteza, na yale ambayo mtu anapaswa kuwa nayo mdomoni ili dawa isimdhuru.

Neno «dawa» na majirani zake

Neno dawa, lililotujia kutoka Kiarabu, ni pana mno. Tuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya, hata dawa ya mapenzi. Katika yote hayo wazo ni moja: dawa ni kitu kinachotengeneza jambo lililoharibika au kumwondoa adui. Kwa hiyo ni vigumu kwa neno lenyewe kubeba fikra ya kwamba kitu kile kile kinachoponya chaweza kudhuru. Wayunani wa kale walikuwa na neno moja, pharmakon, lililotaja dawa na sumu kwa pamoja. Waluba nao husema bwanga, neno lenye kuhusu kinachoponya na hirizi ya kutisha pia. Kiswahili kimeitenga sumu mbali na dawa, kila moja na neno lake, na msemaji wa Kiswahili asiyetahadhari hudhani kuwa na vitu vyenyewe vimetengana vivyo hivyo.

Kuna na jambo la majina. Katika Kivu, na pia kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, kidonge cha namna yo yote huitwa kinini. Jina hili ni la kwinini, dawa ya malaria itokanayo na magome ya mti ambao umelimwa kwa wingi katika milima ya Kivu. Masikio ya Kibantu yalisikia «ki-» ya mwanzo yakaichukua kuwa kiambishi cha ngeli, na hapo wingi ukapatikana bila shida: vinini, au binini kwa matamshi ya huko. Mwanaisimu hufurahi aonapo jambo kama hili. Munganga hafurahi, kwa maana mgonjwa anayesema «nilikunywa binini viwili vyeupe» hajamwambia kitu. Vidonge vyeupe vya mviringo ni vingi kuliko vya rangi nyingine zote, na duka moja laweza kuwa na dawa ishirini za sura hiyo.

Hapa kuna kinga ya kwanza, nayo haina gharama: kulijua jina la dawa. Tena si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, bali lile la chini yake, ambalo hutumika katika nchi zote. Majina hayo husimamiwa na OMS, nayo ilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1953. Parasetamoli huuzwa kwa makumi ya majina ya biashara, lakini sheria hutaka jina lake la asili liandikwe juu ya pakiti. Mwenye kununua vidonge vilivyohesabiwa mkononi na kutiwa katika karatasi au mfuko wa plastiki, bila jina wala tarehe ya kuisha, amenyimwa nusu ya dawa. Na aombe aonyeshwe kopo au pakiti, anakili jina, kiasi cha miligramu na tarehe. Muuzaji anayekataa kuonyesha kopo amekwisha kujieleza.

Sasa tulitazame neno ambalo ndilo kiini cha makala hii. Kifaransa husema «effets secondaires», na wafasiri wetu wametoa «athari za kando», «madhara ya pembeni», na mengineyo. Kwa maoni yetu, «kando» na «pembeni» hupotosha. Humfanya msomaji adhani kuwa jambo linalotajwa ni dogo, limekaa ukingoni, wala halihusiani na kazi yenyewe ya dawa. Mwili haujui kando wala katikati. Dawa ikiisha kuingia katika damu hufika kila mahali. Lugha yetu tayari ina maneno mawili yanayotosha. Athari, kwa asili ya Kiarabu, ni alama iachwayo, kama wayo mchangani. Athari si nzuri wala mbaya. Madhara ni yale yanayodhuru. Twapendekeza basi kusema athari kwa kila kitu ambacho dawa huufanyia mwili zaidi ya kuponya, na madhara kwa sehemu ile ya athari inayoumiza. Tofauti hii si ya kupendeza masikio tu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini huona mkojo wake umekuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu, na machozi na jasho pia. Hiyo ni athari tupu, haidhuru lo lote. Asiyeambiwa mapema huweza kudhani anakojoa damu, akaiacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa na nguvu ya kuishinda dawa ile. Siku chache au majuma machache baadaye mgonjwa huyo huyo aweza kuona macho yake yamekuwa ya manjano, hamu ya chakula imekwisha, anatapika. Hayo ni madhara: ini linaumia, na siku hiyo hiyo yampasa arudi kwa waliompa dawa. Akiwa na neno moja tu kwa mambo yote mawili, atayaogopa yote au atayavumilia yote.

Neno la tatu ni mzio. Siku hizi, katika Kiswahili sanifu, hutafsiri neno «allergie», na huku kwetu wengi hulitamka tu hilo la Kifaransa. Zamani mzio ulikuwa ni kitu, hasa chakula, ambacho mtu fulani alikatazwa kwa sababu ya mwiko wake au amri ya mganga wake. Wengine walikila bila neno. Sijui neno jingine la uganga wa kisasa lililopata mzazi mwema namna hii. Mzio wa dawa ndivyo ulivyo: penisilini inayowaponya maelfu yaweza kumwua mmoja. Dakika chache baada ya sindano midomo huvimba, ngozi hututumka, pumzi hukatika, mtu huanguka. Anayeponea hapo ana mwiko wa maisha, na jina la dawa ile lastahili kuandikwa katika daftari lake la afya, juu ya jalada, mahali pa kuonekana kabla ya mengine yote.

«Kila saa nane»

Madhara mengi hayatokani na dawa yenyewe bali na maagizo yaliyosikiwa vibaya. Tuchukue mfano mdogo. Munganga anataka dawa imezwe kila muda wa saa nane upitapo, yaani mara tatu kwa usiku na mchana. Anasema: «Umeze kila saa nane.» Msikilizaji wa Kiswahili ana haki kamili ya kuelewa kwamba ameze kila siku ifikapo saa nane, yaani mara moja tu, jua likiwa limepita utosini. Maneno ni yale yale. Anayetaka kueleweka hana budi kusema «kila baada ya saa nane». Wasemaji wa kawaida wamelitatua jambo hili kwa njia yao: husema saa nane kwa wakati na masaa nane kwa muda. Walimu wa sarufi wamelipiga vita neno «masaa» kwa miaka mingi. Katika chumba cha dawa, mimi nawapa haki wasemaji.

Shida huongezeka pale karatasi inapoandikwa Kifaransa. «8h, 16h, 24h» husomwa kwa Kiswahili saa mbili asubuhi, saa kumi alasiri na saa sita usiku. Msomaji aliyeona namba 8 akasema «saa nane» amekwisha kukosea kwa muda wa saa sita. Na «3 x 1» huelezwa asubuhi, mchana na jioni. Mwenye kula mlo wake wa kwanza adhuhuri huvimeza vidonge vyote vitatu kati ya adhuhuri na magharibi, kisha hukaa usiku kucha na asubuhi nzima bila dawa mwilini.

Kuna pia «baada ya kula». Wengi hulichukua agizo hili kuwa shauri la wema tu, mfano wa «lala salama». Lakini lina sababu mbili zilizo mbali, na ni vema kuzijua. Kwa ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu, chakula husaidia kulilinda tumbo kiasi. Anayezimeza siku nyingi, hasa mzee, aweza kupata vidonda vya tumbo, na choo kikawa cheusi kama lami. Choo hicho ni damu, si chakula alichokula jana. Kwa dawa nyingine chakula ndicho kinachoiingiza dawa katika damu. Lumefantrini, ambayo pamoja na artemetheri hutibu malaria, hupita tumboni bila kuingia vya kutosha pasipo mafuta. Maziwa, karanga au mboga iliyokaangwa kwa mawese hutosha. Hapo kumeza bila kula ni karibu sawa na kupunguza kipimo. Kinyume chake, rifampisini hutakiwa tumbo likiwa tupu. Kwa mtu mwenye mlo mmoja kwa siku, maagizo haya si mepesi, na munganga ambaye hakuuliza mgonjwa hula saa ngapi ameandika dawa nusu nusu.

Tutaje na kijiko kwa haraka. Kijiko cha chai cha vitabu ni mililita 5, cha mezani ni 15. Vijiko vya nyumbani havikusoma vitabu hivyo. Mtoto apimiwe kwa kikombe au bomba la sindano lisilo na ncha linalokuja na dawa yake, na kipimo chake kitokane na uzito wake, si na umri wa kaka yake aliyepona mwaka jana.

Kwinini na sauti masikioni

Twapenda kukaa zaidi juu ya kwinini, kwa sababu hakuna dawa ambayo watu wetu wameishi nayo karibu namna hiyo, na kwa sababu inaonyesha jinsi athari na madhara yanavyoshikana. Karibu kila anayepewa kwinini kwa kipimo kamili husikia sauti masikioni, kama nyenje au kengele ya mbali; kusikia kwake hupungua, kichwa huzunguka, tumbo huchafuka. Watu husema dawa «inafanya kazi», au kwamba ni «dawa kali». Msomi mwepesi wa kucheka asicheke. Sauti hiyo hutokea wakati dawa imefika katika damu kwa kiasi kinachotakiwa, na hutoweka baada ya matibabu. Peke yake si sababu ya kuacha. Hekima ya watu ilikuwa na haki katika hilo.

Lakini hekima hiyo hiyo huua pale inapoendelea kusema «inafanya kazi» juu ya jambo lingine. Kwinini huweza kushusha sukari katika damu, hasa kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto aliyedhoofu. Mgonjwa hutoka jasho jingi la baridi, hutetemeka, huchanganyikiwa, kisha hupoteza fahamu. Jamaa wanaokaa kitandani hudhani malaria imepanda kichwani, na wakati mwingine hata mhudumu hudhani hivyo. Tiba ya jambo hili ni sukari, tena mara moja. Kama vile Ituri, dawa imevaa sura ya ugonjwa. Kwa hiyo anayepewa kwinini asiwekwe bila chakula, na badiliko la ghafula la akili baada ya dawa litangazwe bila kungoja asubuhi. Kutoona vizuri, kuzimia na moyo kwenda ovyo pia havimo katika «kufanya kazi». Na sindano ya kwinini ipigwayo takoni na mkono usiojua imewaacha watoto wengi wa Afrika na mguu mlemavu, kwa sababu sindano iliugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyiwa watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa mia. Waliopewa sindano ya artesunati walikufa 8.5 kwa mia. Tangu hapo artesunati imechukua nafasi ya kwanza katika malaria kali, nayo haishushi sukari namna ile. Je, haina madhara? Inayo, ila huja kwa kuchelewa. Kati ya juma la kwanza na la nne baada ya kupona, baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na damu kwa ghafula: viganja na ndimi huwa vyeupe, kuchoka huzidi, mkojo huweza kuwa mweusi kama kahawa. Mtu amekwisha kurudi nyumbani, dawa imesahauliwa, na hakuna anayeiunganisha hali hiyo na sindano za majuma mawili yaliyopita. Ndiyo maana mgonjwa anayeondoka hospitali anastahili kuambiwa siku ya kurudi kupimwa damu, kwa lugha anayoielewa.

Hesabu ya siku

Basi mtu atatambuaje kuwa hali aliyo nayo yatoka kwa dawa? Hesabu ya siku ndiyo inayotangulia. Hali ilianza kabla ya dawa au baada yake? Kipi kingine kiliongezwa wakati ule? Hapo dawa za miti zihesabiwe pia, kwani mzizi uliochemshwa nao huingia katika damu ile ile, na mgonjwa anayeuficha kwa kuona haya humnyima munganga nusu ya habari. Kisha: dawa ilipoachwa, hali ilipungua? Dawa ilipoanzwa tena, ilirudi? Jaribio hili la mwisho asilifanye mtu kwa kusudi nyumbani. Wengine wamelifanya kwa dawa ya mzio, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya kwanza.

Mzio wa ghafula huonekana kwa dakika au saa chache. Parasetamoli ikizidi, siku ya kwanza yaweza kupita kimya, na ini likaanza kujionyesha siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo dawa ya kuokoa haina tena nguvu ya mwanzo. Dawa za jamii ya salfa, kama vile kotrimoksazoli na zile vidonge vitatu wanavyopewa mama wajawazito kuzuia malaria, kwa nadra sana huleta ugonjwa mkali wa ngozi baada ya juma moja hadi matatu: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, malengelenge, ngozi kubanduka. Hapa hakuna kungoja wala kupaka mafuta. Dawa iachwe saa ile ile na mgonjwa apelekwe hospitali. Twarudia neno «nadra», ili mama mjamzito asije akakikimbia kinga kinachomfaa yeye na mtoto wake kwa sababu ya makala hii.

Mwasho wa klorokini wasomaji wenye umri wataukumbuka, maana uliwanyima wengi usingizi. Nchi yetu iliiacha klorokini mwaka 2001, si kwa ajili ya mwasho bali kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeishinda. Mwaka 2005 ilipochaguliwa artesunati pamoja na amodiakini, malalamiko yakageuka: uchovu, miguu kukosa nguvu, kichefuchefu. Wengine wakaimeza siku moja wakaiacha siku ya pili. Uchovu huo ni athari, huisha, na tiba ni ya siku tatu kamili. Lakini hatuwezi kumlaumu aliyeiacha ikiwa hakuna aliyemwambia mapema kwamba atachoka.

Madhara yenye kukubaliwa

Kuna na swali gumu zaidi: je, dawa yenye madhara makubwa yaweza kuwa dawa njema? Historia ya malale katika nchi yetu hujibu. Kwa miaka mingi tangu 1949, ugonjwa huo ukiisha kuingia ubongoni, ulitibiwa kwa melarsoproli, dawa yenye aseniki. Iliunguza mishipa ilipopita, na karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Ilitumiwa hata hivyo, kwa kuwa malale bila tiba huua karibu kila mtu. Waganga waliipima mizani hiyo kila asubuhi, na wagonjwa waliijua. Utafiti wa feksinidazoli, vidonge vya kumezwa kwa siku 10, uliongozwa na daktari wa Kongo, Victor Kande, na dawa hiyo ilikubaliwa mwaka 2018. Nayo huleta kutapika, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi, na ni lazima imezwe pamoja na chakula. Lakini hakuna tena anayelinganisha.

Mizani hiyo ndiyo inayokosekana kabisa pale dawa inapotumiwa bila ugonjwa. Katika miji yetu, na hasa Kinshasa, siproheptadini na deksametazoni humezwa na wasichana na wanawake ili wanenepe. Ya kwanza ni dawa ya mzio, nayo huongeza njaa na usingizi. Ya pili ni dawa ya hospitali yenye thamani kubwa, huokoa maisha ya wengi. Ikimezwa kwa miezi, uso huviringana, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka, mifupa hudhoofika, na maradhi ya kuambukiza hupata mlango wazi. Zaidi ya hayo, mwili huacha kujitengenezea kitu kinachofanana na dawa hiyo, na mwenye kuiacha kwa siku moja aweza kuanguka. Hii ni mojawapo ya dawa ambazo madhara yake hayaondolewi kwa kuacha ghafula. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Dawa za kifafa ziko vivyo hivyo.

Tuongeze hapa kosa la maradufu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aliyekonda au mnywaji wa pombe apungukiwe zaidi. Anayeumwa kichwa humeza parasetamoli. Jirani humpa «dawa ya mafua», ambayo ndani yake imo parasetamoli. Jioni hununua ya tatu kwa jina jingine la biashara. Hakuna kidonge hata kimoja kilichozidi kipimo. Jumla ndiyo iliyozidi. Hapo linarudi lile jina la asili tulilolitaja mwanzoni.

Kusema mahali panaposikika

Madhara yanayojulikana na mtu mmoja hayamwokoi mwingine. Baada ya thalidomidi, iliyoondolewa madukani mwishoni mwa 1961 ikiwa imekwisha kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, OMS ilianzisha mwaka 1968 mpango wa kukusanya habari za madhara ya dawa kutoka nchi mbalimbali. Tangu 1978 kituo chake kipo Uppsala, nchini Sweden. Kongo imo katika mpango huo, na kituo chetu cha taifa kiliwekwa katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Fomu zipo, nazo huandikwa Kifaransa na hujazwa na wahudumu wa afya. Habari yenyewe, lakini, huanza mdomoni mwa mama aliyeketi kwenye benchi, na mara nyingi ni ya Kiswahili, Kilingala, Tshiluba au Kikongo. Mhudumu asiyetenganisha «alisikia sauti masikioni» na «masikio yaliziba» ataandika jambo moja mahali pa mawili.

Kwa wanafunzi wetu wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, kuna shamba ambalo halijalimwa: kukusanya, katika vituo vya afya vya Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na Bunia, maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kwa kizunguzungu, mwasho, ganzi, kiungulia, macho kuona giza, na kuyalinganisha na yale ya fomu. Kazi hiyo yataka daftari, subira, na ruhusa ya mkuu wa kituo. Wakati huo huo, anayekwenda kwa munganga na hali iliyoanza baada ya dawa aweza kumpelekea mambo manne: pakiti au kopo lenyewe, hata likiwa tupu, siku na saa aliyomeza mara ya kwanza, siku na saa hali ilipoanza, na kila kitu kingine alichokunywa katika juma lile, cha dukani, cha porini na cha chupani.